Nafunga virago: mwaka wa FLTA unaisha, darasa namwachia nani?

Haya wadau, ndo naelekea mwisho. Gredi nimeshaingiza, chumba kiko nusu kwenye maboksi nusu sakafuni, tiketi ya kurudi imeshakuja kwenye imeili, kwa hiyo kabla sijatua Tanzania nikamezwa na ratiba za shule nimeona niandike haya mambo yakiwa bado ya moto. Meseji nyingi mnazonitumia zinauliza programu hii ya FLTA, ya kuja kufundisha Kiswahili kwenye chuo cha Marekani, mtu anaiombaje, usaili wanauliza nini, insha inaandikwaje. Hayo yameandikwa sana. Kuhusu kuondoka ndo hakuna anayesema kitu, kana kwamba siku ya mwisho unabeba begi, unapanda ndege, basi. Hamna kitu kama hicho. Kuondoka ni kazi, tena kazi inayoanza mwezi wa tatu, maana mwezi wa tano wazungu wote unaowahitaji wameshatawanyika.

Kwa wasiojua kidogo tu. Fulbright ni mpango wa serikali ya Marekani wa kubadilishana wasomi na walimu, sheria yake Rais Truman aliisaini mwaka 1946 na jina ni la yule seneta wa Arkansas aliyeupeleka muswada, J. William Fulbright. FLTA (Foreign Language Teaching Assistant) ni tawi lake la walimu wasaidizi wa lugha. Wanachukua walimu vijana kutoka nchi mbalimbali (Kiswahili tunatoka sana Tanzania na Kenya), wanakupeleka kwenye chuo kimoja kwa mwaka mmoja wa masomo, kama miezi tisa hivi, unafundisha lugha yako, isizidi saa 20 kwa wiki, na wewe mwenyewe unasoma angalau kozi mbili kila semesta, mojawapo iwe ya mambo ya Marekani. Digrii hupati. Unapata transkripti (orodha rasmi ya kozi na matokeo yako), uzoefu, marafiki wa nchi ambazo hukuwahi kuziwaza, na visa ya J-1, ile ya watu wa programu za kubadilishana, yenye masharti ambayo ntayaeleza huko chini kwa sababu watu wanayapotosha mno.

Sasa kitu kilichonikaa kichwani mwezi huu mzima siyo begi wala fomu, ni darasa.

Nafasi yetu ni ya mwaka mmoja na haiongezwi. Kila Agosti chuo kinapokea mwalimu mpya, kila Mei kinamuaga. Kwa upande wetu ni sawa, tulijua tangu siku ya kusaini. Lakini kaa upande wa mwanafunzi uone. Mtoto wa watu kaanza Kiswahili mwaka wa kwanza kwa Mtanzania, mwaka wa pili kapewa Mkenya, akiendelea mwaka wa tatu anakuja mwingine tena ambaye hajui kabisa huyu mtu kafundishwa nini. Ni daladala ambayo abiria ni walewale ila dereva anabadilishwa kila kituo, na kila dereva anauliza "jamani tunaelekea wapi?" Vyuo vikubwa vyenye vituo vya masomo ya Afrika vina maprofesa wa kudumu wa Kiswahili, pale FLTA ni msaidizi kweli kweli, anaendesha mazoezi ya kuongea na mambo yanakwenda. Chuo kidogo kama hiki changu hali ni nyingine. Msimamizi wangu ni mtu mwema sana, amenisaidia mno, ila yeye fani yake ni lugha nyingine, Kiswahili anajua "asante sana" na "karibu". Kwa hiyo mwalimu ni mimi, mtunga mitihani mimi, msahihishaji mimi, mwenye meza ya Kiswahili ya kupiga soga kila Alhamisi mimi. Mimi nikiondoka, hakuna mtu hata mmoja kwenye jengo lile anayejua wale wanafunzi wameishia wapi.

Mimi mwenyewe nilipofika nilikuta silabasi ya kurasa chache na folda moja ya picha. Silabasi inasema mwaka wa kwanza wamemaliza ngeli zote. Nikaingia darasani na matumaini yangu, nikaandika sentensi ya kwanza ubaoni, nikaona macho. Ngeli walizokuwa nazo salama ni ya M-WA na KI-VI, zilizobaki walikuwa wanabahatisha, na kusema ukweli walikuwa wanabahatisha kwa furaha tu. Simlaumu aliyenitangulia, naye alikuta hivyohivyo. Silabasi inaandikwa Agosti kabla hujawaona watu, ni ndoto. Kilichofanyika kweli kiko kichwani mwa mwalimu na kinapanda naye ndege.

Ndo maana wakati wenzangu wa lugha nyingine kwenye grupu letu la WhatsApp wanapanga pati za kuaga, mimi nikawa nakaa maktaba naandika kile nilichokiita "daftari la makabidhiano". Natamani ningekuta kitu kama hiki siku ninafika. Sikuandika kile nilichopanga kufundisha, niliandika kile walichobaki nacho. Yaani wakati uliopita, uliopo na ujao wanaongea bila kufikiri, hali ya -ki- wanaitambua wakisoma ila hawaitumii, virejeshi vya amba- wanaviweza na virejeshi vya katikati ya kitenzi bado ni vita. Saa wanazijua, ila ukiwauliza ghafla wanahesabu vidole, kwa sababu kwao siku inaanza usiku wa manane na sisi tunahesabu kuanzia jua linapotoka, hiyo tofauti ya saa sita haiingii kwa somo moja, inataka kuulizwa kila siku mpaka wachoke. Nikaandika mazoezi gani yalikufa darasani (maigizo ya sokoni, walichoka nayo wiki ya pili) na yapi yaliwaamsha (kumpigia simu ya video mtu aliyeko nyumbani wakamhoji wenyewe, hapo hata yule mkimya kabisa alifungua mdomo).

Nikaandika na wanakuja kufanya nini, maana hili usipolijua unapoteza miezi miwili. Kuna wanaotafuta kutimiza sharti la lugha la chuo, hawa usiwadharau, wengine ndo wanaishia kuwa moto kuliko wote. Kuna wanaokwenda Afrika Mashariki kwa utafiti, hao wanataka kuongea na watu wa vijijini juzi, siyo kesho. Na kuna watoto wa nyumba ya Kiswahili. Miji mingi ya huku Marekani ina familia za Wakongo zilizokuja kama wakimbizi, Kiswahili chao ni cha upande wa Kivu, mtoto kakulia nacho jikoni kwa mama, anaelewa kila kitu lakini hajawahi kukiandika. Mtu wa namna hii akikaa na wanaoanza "hujambo, sijambo" anaboreka wiki ya kwanza, alafu mwalimu anayetoka Dar au Nairobi anaanza kumsahihisha kila sentensi kana kwamba anachoongea nyumbani kwao ni makosa. Kwenye daftari ukurasa mzima nimeuandika kwa ajili ya wanafunzi hao: wape kazi za kuandika, wape kusoma, wafanye wawe wasaidizi wa wenzao kwenye kusikiliza, na lugha ya mama yao usiiguse. Kiswahili sanifu waongezewe, wasinyang'anywe cha kwanza. Hapo nina msimamo mkali na nikikutana na mwalimu anayebisha tutabishana mpaka asubuhi.

Majina na gredi za wanafunzi sikuweka humo. Huku kuna sheria ya FERPA, ya mwaka 1974, inayolinda kumbukumbu za mwanafunzi, matokeo yake humpi mtu yeyote hivi hivi, hata mzazi wake, mara nyingi mpaka mwanafunzi akubali. Kwa hiyo daftari linasema "darasa" na "kundi", gredi zinabaki kwenye mfumo wa chuo, na ile mitihani iliyoandikwa kwa mkono nimeikabidhi ofisini. Najua kuna wanaotamani kubeba insha za wanafunzi kama kumbukumbu. Omba ruhusa ya mwenye insha, au piga picha ubao.

Na kitu kingine, punguzeni matarajio. Taasisi ya Marekani inayofundisha lugha wanadiplomasia wake inakadiria Kiswahili kinataka wiki 36 kwa mtu anayeongea Kiingereza, na hizo ni wiki za kusoma kutwa nzima, kazi yako ni hiyo tu. Sisi darasa letu ni saa chache kwa wiki kwa semesta mbili za wiki kama 15 kila moja, na hapo toa likizo, toa siku za theluji. Mwanafunzi akimaliza mwaka anaweza kujieleza, kuuliza njia, kununua kitu na kupiga soga ya dakika tano bila kuzimia, hayo ni mafanikio makubwa. Nilipoelewa hesabu hiyo niliacha kujitesa, nikaacha pia kuwatesa.

Haya, kuaga.

Wamarekani wanaaga kwa kalenda. Mtu anakutumia mwaliko wa kahawa, Jumanne saa nane na nusu mpaka saa tisa kamili, mnakaa, anakuambia maneno mazuri mpaka unataka kulia, tisa kamili anasimama, anakukumbatia, anaondoka kwenda mkutanoni. Mara ya kwanza niliona ubaridi. Baadaye nikagundua yule mtu kanipa nusu saa ambayo hakuwa nayo, katika wiki ya mitihani, na alikuwa ameiandaa. Wanafunzi wangu wao hawakunialika kokote, siku ya mwisho wa darasa walisimama mmoja mmoja wakasoma barua walizoandika wenyewe kwa Kiswahili bila kunionyesha kabla, makosa tele, ngeli zinapigana, na sikusahihisha hata moja. Mmoja alisema "Mwalimu umetufunza kucheka polepole". Mpaka leo sijui alitaka kusema nini ila nimeitunza hiyo barua.

Ushauri wa kikazi hapohapo kwenye kuaga: barua ya mapendekezo iombe kabla ya mwezi wa nne kuisha. Maprofesa wengi huku mkataba wao ni wa miezi tisa, semesta ikifungwa wanapotea mpaka Agosti, wengine wako utafitini porini huko imeili hawafungui. Mwombe akiwa bado anakukumbuka vizuri, mpe na CV yako na orodha ya ulichofanya, asitafute. Alafu transkripti: agiza nakala rasmi wakati bado una imeili ya chuo inayofunguka, kwa sababu baada ya muda wanaifunga na vitu vyako vyote vilivyokuwa humo, mafaili, picha, mawasiliano, vinakwenda nayo. Hamisha mapema. Tathmini za wanafunzi pia zidownload, zile fomu wanazojaza mwisho wa semesta kumsema mwalimu. Nyumbani hatuna utaratibu huo sana na ukiomba kazi au shule baadaye, karatasi inayoonyesha wanafunzi wamesema nini juu yako ina uzito.

Fomu sasa. Ntapita haraka kwa zile rahisi nikae kwenye zinazouma.

Hati yako kubwa ni DS-2019, ile inayoonyesha uko kwenye programu, tarehe ya mwisho iliyoandikwa pale ndo mwisho wa programu yako. Baada ya hiyo tarehe wanakupa siku 30 za kufungasha na kutembea ndani ya Marekani. Kufanya kazi hamna. Na ukitoka nje ya nchi ndani ya hizo siku, mfano umeenda kusalimia rafiki Kanada, hurudi tena kwa hati ile. Watu wanapanga safari ya kuzunguka miji kwenye hizo siku 30 na ni halali kabisa, ila uliza bima yako ya afya inaisha lini, maana bima inafuata mkataba siyo zile siku za nyongeza, na huku kuumia bila bima ni balaa ambalo siwezi hata kulieleza. Waambie pia ofisi ya wanafunzi wa kimataifa tarehe unayoondoka. Uwanja wa ndege hamna afisa wa kukugongea muhuri wa kutoka, Marekani hawana hicho kitu, kuondoka kwako kunarekodiwa kwa taarifa za shirika la ndege, kwa hiyo tunza boarding pasi yako vizuri, isije siku moja mtu akakuuliza ulitoka lini.

Kodi. Si kodi ya nyumba, kodi ya mapato. Hii ndo inayowashangaza watu: unaondoka Mei, unasahau, lakini zile hela ulizopokea kuanzia Januari mpaka Mei zinatakiwa kujaziwa fomu mwaka unaofuata, ukiwa zako nyumbani, mwisho wa kawaida ni tarehe 15 Aprili. Sisi wa J-1 tunajaza 1040-NR, ile ya wasio wakazi, pamoja na fomu 8843. Usidanganywe na mtu anayekuambia tumia programu ileile wanayotumia Wamarekani, zile nyingi ni za wakazi. Karatasi za mapato, W-2 au 1042-S, zinatoka mwanzoni mwa mwaka na zinatumwa kwenye anwani waliyo nayo, sasa kama anwani yao ni chumba ulichohama, imekula kwako. Badilisha anwani, au omba zipatikane mtandaoni kabla hujafungiwa mfumo.

Hiyo inaingiliana na benki. Wengi wanakimbilia kufunga akaunti wiki ya mwisho ili waondoke wasafi. Mimi yangu nimeiacha wazi, kwa sababu kama kuna hela ya kodi ya kurudishiwa inaingia kwenye akaunti ya Marekani kirahisi, ukisema watume hundi ya dola mpaka Tanzania jiandae kuzunguka na karatasi mkononi. Ila akaunti wazi maana yake kila ukitaka kuingia wanatuma namba ya siri kwa meseji kwenye namba ya simu ya Marekani, na hiyo laini ukiiacha ikafa umejifungia nje ya hela zako mwenyewe. Kabla hujaondoka hamisha hiyo namba kwenye huduma ya intaneti au badilisha njia ya uthibitisho iwe ya programu kwenye simu, na ujaribu kuingia, usiamini tu. Kuna rafiki yangu wa lugha nyingine, mwaka wake ulipoisha alikaa miezi anapiga simu za usiku kwa sababu ya tofauti ya masaa, mhudumu anamwambia "tumekutumia namba ya siri", anajibu "imeenda kwenye simu isiyokuwepo".

Dipoziti ya chumba nayo fuatilia. Kila jimbo lina sheria yake ya muda wa kukurudishia baada ya kuhama, Wisconsin ni siku 21, Indiana 45, kwa hiyo uwezekano mkubwa ni kwamba itarudi wewe umeshaondoka. Piga picha kila ukuta siku unaingia na siku unatoka, waandikie kwa maandishi anwani ya kutumia, na kama wanatuma hundi waombe watume kwa njia ya benki. Mwenye nyumba wangu alikuwa muungwana, nasema tu kwa ajili ya wale ambao wao hawatabahatika.

Masharti ya miaka miwili. Jamani. Kila mkutano wa familia kwenye simu kuna mjomba anauliza "kwani ukirudi huruhusiwi tena kukanyaga Marekani miaka miwili?" Siyo hivyo. Sharti lenyewe, lile la kifungu cha 212(e) cha sheria ya uhamiaji, linasema aliyekuja kwa J-1 ya kulipiwa na serikali akae nchini kwake jumla ya miaka 2 kabla hajaomba visa fulani, hasa za kazi kama H-1B, za L (za wanaohamishwa na kampuni zao), au ukazi wa kudumu. Jumla, siyo lazima mfululizo. Sharti hili lenyewe halikuzuii kuomba visa ya kutembea, wala F-1, ile ya kusoma, ukiwa nyumbani. Kwa hiyo ukipata nafasi ya masomo ya uzamili mwakani usiitupe kwa sababu ya mjomba. Lakini pia usibaki huku ukisikiliza watu wanaokuambia "we kaa tu, watu wanakaa". Kila mmoja wetu akipotea anamfungia mlango mwalimu mwingine ambaye sasa hivi yuko shuleni kwake anaandika insha ya kuomba.

Begi sasa, mashirika mengi ya ndege kwenda kwetu yanakupa mabegi mawili ya kilo 23, na mwalimu huwa hana nguo, ana vitabu. Karatasi ina uzito wa kisirisiri. Nimejifunza kwamba posta ya huku ina huduma inaitwa M-bag, ni gunia la vitu vilivyochapwa tu, vitabu na majarida, linakwenda kwa mtu mmoja nje ya nchi mpaka ratili 66, kama kilo 30, kwa bei nafuu kuliko kifurushi cha kawaida. Usichanganye na nguo wala kiatu. Mimi nimechagua vya kufundishia tu, riwaya nimezigawa. Sufuria, taa, blanketi, feni, vyote nimemwachia anayekuja, viko stoo ya idara na jina juu.

Koti la baridi lilinipa mawazo. Lile zito la Januari, linafika magotini, nyumbani ntalivaa wapi, labda nipande Kilimanjaro. La kwanza nilitaka kulitumbukiza kwenye lile sanduku la kuchangia nguo, alafu nikacheka peke yangu barabarani, maana nguo nyingi za namna hiyo zinafungwa marobota zinakuja kwetu, yaani nilitoe bure huku alafu miezi sita baadaye nilikute soko la mitumba la Karume, Dar, limetundikwa, muuzaji ananiambia "dada hii ni gredi A, kutoka Marekani, haina hata doa". Nimemwachia mwenzangu nalo.

Kuhusu kurudi kazini sina mengi, nasubiri nione. Huku darasa langu kubwa lilikuwa na watu kumi na kitu, viti vinazunguka, mtu anainua mkono kusema hakubaliani na wewe na hakuna anayeshtuka. Shuleni kwangu mkondo mmoja una zaidi ya sabini. Watu wananiambia "ukawabadilishie", kirahisi hivo. Mtihani wa kuongea mmoja mmoja sabini siwezi, ningemaliza Krismasi. Kazi za wawili wawili zinawezekana, na dakika tano za mwisho kila mtu aandike kwenye kipande cha karatasi ni nini hakuelewa, hiyo nayo inawezekana na haina gharama ila kipande cha karatasi. Saa za ofisi pia nataka nizijaribu, muda maalum kila wiki ambao mwanafunzi anajua mwalimu yuko pale kwa ajili yake, haji kuchapwa wala kutumwa chaki. Watakuja? Wiki za kwanza hawatakuja, hata huku hawakuja mpaka nilipoacha kuita "ofisi" nikasema njooni tuongee. Mkuu wangu wa shule nimeshampigia, kasema nikifika niripoti na barua, mengine tutaongea.

Anayekuja kushika nafasi yangu ni dada wa Kenya, tumeunganishwa juzi. Nikamtumia daftari lote, nikategemea "asante" na emoji. Bwana! Akarudisha na maswali kurasa mbili. Hakubaliani na mpangilio wangu wa ngeli, anasema angeanza na N mapema kwa sababu vitu vingi vya nyumbani viko huko, na nikiangalia ana hoja ingawa sijamkubalia bado. Anasema na wanafunzi wangu watamshangaza kwa kumwamkia shikamoo kila kona ya korido kama wako Tanga. Nikamwambia aitikie tu marahaba, wataizoea lafudhi yake kufikia Septemba. Ukurasa wa watoto wa Kikongo kaupitisha bila kugusa, hapo nikajua darasa liko salama.

Sasa hivi ninavyoandika kaingia tena kwenye WhatsApp, yuko masaa nane mbele yangu, kwake ni usiku, anauliza basi la kutoka chuoni kwenda kununua vitu vya jikoni linapita saa ngapi Jumapili. Halipiti, dada. Jumapili unatembea, au unamwomba msimamizi Ijumaa.